Fundi wa Baiskeli na Habari za Mwisho wa Dunia

Ndugu msomaji, umepata kuhesabu ni mara ngapi umeambiwa ya kwamba mwisho umefika? Mwaka 1999 ulipokaribia kwisha tuliambiwa kompyuta zote zitachanganyikiwa usiku mmoja na dunia itasimama. Mwaka 2011 mhubiri mmoja wa redio huko Marekani, Harold Camping, alitaja tarehe 21 Mei kuwa siku ya hukumu. Siku ilipopita salama akataja tarehe 21 Oktoba. Mwaka 2012 zikavuma habari za kalenda ya Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, ya kwamba yote yatakoma tarehe 21 Desemba. Na kama wewe ni fundi wa baiskeli, umesikia unabii mwingine juu ya huo: ya kwamba hata dunia ikibaki, kazi yako haibaki, maana pikipiki zimekuja.

Makala hii nawaandikia hasa mafundi wa baiskeli wa kwetu Mtwara, tangu Mikindani na Magomeni mpaka Naliendele, Nanguruwe na vijiji vya upande wa mlango wa mto Ruvuma. Nawaandikia pia wazazi ambao vijana wao wanauliza kama kazi hii bado yafaa kujifunza. Swali lao si dogo. Kijana akitumia miaka miwili kujifunza kazi iliyokwisha kufa, amepoteza miaka miwili. Lakini akiiacha kazi iliyo hai kwa ajili ya uvumi, huenda akapoteza zaidi ya hapo.

KAZI YA MCHANA KUTWA

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda juu ya minazi, mchuuzi wa samaki amekwisha fika. Ametoka Msimbati gizani na tenga la samaki nyuma yake, na njia ya kule ina mchanga mwingi. Tairi la nyuma limekwisha upepo. Samaki hawangoji, jua likikaza wameharibika. Kwa hiyo fundi anaacha chai yake. Anaipindua baiskeli, anafungua tairi kwa vyuma viwili bapa, anavuta mpira wa ndani, anaujaza upepo na kuuzamisha katika beseni la maji mpaka aone mapovu yanatokea wapi. Anaukausha, anausugua kwa msasa, anapaka solusheni na kungoja kidogo ikauke, maana kiraka cha mtu asiyengoja hubanduka kabla ya kufika sokoni. Kisha anapitisha vidole ndani ya tairi lote kuutafuta mwiba. Fundi asiyetafuta mwiba atamwona mteja yule yule baada ya nusu saa, naye atakuwa na hasira.

Huyo hajaondoka, amefika mwanafunzi mwenye cheni iliyokatika. Nyuma yake yuko mama aliyepakia madumu ya maji, na rimu yake imepinda kwa uzito. Kazi ya kunyoosha rimu ndiyo inayomtenga fundi na mtu anayejaribu tu. Baiskeli kubwa za mizigo mara nyingi huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Kila spoku yavuta upande wake, na gurudumu husimama sawa kwa sababu zote zavutana kwa kiasi. Fundi mzuri hulizungusha gurudumu taratibu, akatazama mahali rimu inapogusa breki, akakaza spoku za upande mmoja robo mzunguko na kulegeza za upande wa pili robo mzunguko, akazungusha tena. Mwenye haraka hukaza upande mmoja tu, na baada ya siku mbili spoku zaanza kukatika moja moja.

Tena pwani ina adui zake wawili. Chumvi ya bahari hula chuma, na mchanga husaga cheni na gololi kama jiwe la kusagia. Wako wavuvi wanaoosha baiskeli zao baharini wakidhani wamezisafisha, kumbe wameziuza kwa kutu. Baiskeli ya pwani yataka maji baridi ya kisima, kitambaa kikavu, na oili kidogo kwenye cheni. Oili ikizidi hushika mchanga, ikawa hasara juu ya hasara.

Halafu waja msimu. Oktoba ikiingia, korosho zaanza kutoka mashambani kwenda maghala ya vyama vya msingi vya ushirika, na gunia nyingi husafiri nyuma ya baiskeli. Wakulima wakilipwa, baiskeli zilizolala tangu masika zaletwa kwa fundi zote kwa pamoja: hii yataka tairi, hii yataka ekseli, hii haina breki tangu mwaka juzi. Fundi hula saa kumi alasiri, kama akila. Watu wa pande zetu wajua ya kwamba kitabu cha fundi baiskeli husomwa pamoja na bei ya korosho. Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo na wakulima wakakataa kuuza, Rais Magufuli alitangaza mwezi Novemba ya kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kila kilo. Bei ilifurahisha, lakini wako wakulima waliongoja malipo miezi mingi. Mkulima akingoja, na fundi angoja pamoja naye.

UNABII JUU YA BAISKELI

Basi, mtu mwenye kazi namna hiyo ndiye anayeambiwa kila siku ya kwamba kazi yake imekufa. Habari hii ni ya kale kuliko babu zetu. Baiskeli ya namna tunayoijua, yenye magurudumu mawili sawa na cheni ya kuvuta gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alipotoa baiskeli yake iitwayo Rover. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la upepo huko Belfast. Hazikupita nyaraka nyingi, wakaanza manabii. Katika miaka ya 1890 walikuwako madaktari wa Ulaya na Marekani walioandika ya kwamba kupanda baiskeli kutawaharibu watu nyuso, hasa wanawake, kwa kukaza macho na taya njiani. Nyuso hazikuharibika.

Ila balaa la kweli lilikuja katika biashara. Marekani ilitengeneza baiskeli zaidi ya milioni 1 mwaka 1899. Kufikia mwaka 1904 hesabu ilikuwa imeshuka chini ya laki 3. Viwanda vilikuwa vimejaa kupita kiasi, bei zikaanguka, na matajiri wakaanza kutazama magari. Mtu wa siku zile aliyesema baiskeli imekwisha hakuonekana mjinga. Lakini angalia mambo yalivyokwenda. Katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walikuwa na duka la kutengeneza baiskeli tangu mwaka 1892. Kwa ufundi ule ule wa cheni na vyuma vyepesi walitengeneza ndege iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903. Kazi waliyoijifunza katika duka lile haikupotea, ilipanda juu.

Na baiskeli yenyewe? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Raleigh ya Nottingham ilikuwa ikitengeneza zaidi ya milioni 1 kwa mwaka, na nyingi zilikuja kwetu Afrika. Wazee wetu walizijua kwa majina kama watu wanavyojua ng'ombe wao: Raleigh, Humber, Hercules, Phillips. Walimu, makatekista na makarani walifika vijijini juu ya hizo. Kisha Nottingham nako kukaja mwisho. Mwaka 2002 kazi ya kutengeneza baiskeli ilikoma pale. Je, baiskeli zilikoma duniani? La. Zilikuwa zimekwisha hamia Uchina, kwenye viwanda kama Phoenix cha Shanghai, na Uhindi, kwenye mji wa Ludhiana, walikoanza Hero mwaka 1956. Hata Tanzania ilipata kuwa na kiwanda chake, NABICO, kilichotoa baiskeli za Swala. Wako wazee ambao bado wanaikumbuka Swala kwa mapenzi, wako wanaoikumbuka kwa kuchoka kuisukuma. Mimi sitaamua ugomvi huo.

Hata juzi tumeona jambo lile lile. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga mabasi na treni za nchi nyingi, watu wa Ulaya na Marekani walikimbilia baiskeli mpaka madukani zikakosekana. Wenye viwanda wakasema neema hii haina mwisho, wakatengeneza na kuagiza bila kipimo. Ilipofika mwaka 2023 maghala yalikuwa yamejaa. Mauzo ya Shimano ya Japani, kampuni kubwa ya vipuri iliyoanza mwaka 1921, yalishuka kwa karibu robo moja katika mwaka huo mmoja, na wauzaji mashuhuri wa Uingereza kama Wiggle wakashindwa kulipa madeni yao. Waliosema neema haina mwisho ndio hao hao wakasema sasa mwisho umefika. Walikosea mara mbili. Hata leo viwanda vya dunia vyatoa baiskeli zaidi ya milioni 100 katika mwaka wa kawaida.

Waona basi jambo moja, msomaji. Viwanda vilikufa, maduka yalikufa, na majina makubwa yalikufa. Lakini haja ya mtu maskini kubeba mzigo wake kwa nguvu za miguu yake haikufa. Wataalamu wamepima wakaona ya kwamba mtu aliye juu ya baiskeli hutumia nguvu kiasi cha moja ya tano tu ya ile anayotumia atembeapo kwa miguu umbali ule ule. Kitu chenye faida namna hiyo hakifi upesi.

Sisemi ya kwamba hakuna lililobadilika. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoziruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, bodaboda zimechukua sehemu kubwa ya abiria waliokuwa wakipanda nyuma ya baiskeli. Fundi aliyetegemea baiskeli za abiria peke yake ameumia, na si haki kumwambia hakuumia. Lakini mchuuzi wa dagaa, mwenye nazi zake ishirini, mwanafunzi wa sekondari anayekaa mbali na shule, hao hupiga hesabu ya petroli kwanza. Faida ya tenga moja la samaki hailishi matumbo mawili, la mwenye samaki na la pikipiki.

Fundi mmoja mzee wa mjini ana maneno yake juu ya jambo hili. Kijana mmoja alimjia akamwambia, "Babu, hii kazi mbona unaing'ang'ania? Dunia yenyewe wasema yaisha Ijumaa."

Mzee akaendelea kukaza nati. "Sawa, mjukuu wangu. Na hela ya kiraka?"

"Hiyo nitakuletea Jumatatu, babu."

Watu waliokuwapo walicheka sana. Mzee hakucheka, aliandika deni katika daftari lake. Akasema, "Wote wanaoniambia habari za mwisho huomba kulipa baada ya mwisho."

MTWARA NAYO ILIAMBIWA ITAKUFA

Sisi wa Mtwara tusishangae mambo haya, maana mji wetu wenyewe umetabiriwa kifo mara nyingi. Mtwara ya leo ilianza kujengwa baada ya mwaka 1947 kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, uliofika mpaka Nachingwea. Wakajenga bandari, wakajenga na reli. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya zaidi ya pauni milioni 35 kupotea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Watu wengi walisema mji huu sasa utarudi kuwa pori. Lakini bandari ilibaki, na korosho zikaanza kupita mahali pa karanga.

Kisha korosho nazo zikaugua. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani kama 145,000; msimu wa 1986/87 zikapatikana tani kama 16,500 tu. Ugonjwa wa ubwiriunga uliingia mikorosho, mashamba yaliachwa, bei kwa mkulima ilikuwa haba, na viwanda vya kubangua vikafungwa. Nani angelaumiwa kwa kukata mikorosho yake kuni? Wako waliokata. Lakini wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele walifanya kazi mwaka baada ya mwaka, juu ya dawa ya salfa na juu ya miche bora, na wakulima waliovumilia wakaona matunda yake. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani laki 3. Aliyekata mikorosho alilazimika kungoja miaka mingine mpaka miche izae. Mwenzake aliyeipalilia alipeleka magunia ghalani, na fundi wa baiskeli akapata kazi.

UNABII JUU YA DUNIA

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Kumwambia mtu kazi yake itakwisha ni jambo moja. Kumwambia dunia itakwisha, aache kazi, ni jambo lingine, nalo limeua watu.

Watu wengi wametaja siku, wala si wajinga tu. William Miller wa Marekani alikuwa mkulima msomaji sana wa Biblia; wafuasi wake wakaingoja tarehe 22 Oktoba 1844, na wengine wao hawakuvuna mashamba yao. Asubuhi ya tarehe 23 ilipopambazuka, wakalia. Mwaka 1910 dunia ilipopita katika mkia wa nyota ya Halley, walikuwako matapeli waliouza vidonge vya kujikinga na sumu ya nyota, na walikuwako watu walionunua.

Lakini tusicheke wa mbali. Katika Uganda, huko Kanungu, kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu lilifundisha ya kwamba dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Watu waliuza mali zao na kuwapa viongozi. Mwaka ulipopita wakatajiwa siku nyingine. Tarehe 17 Machi 2000 nyumba yao ya sala iliteketea kwa moto na mamia ya watu ndani yake, na baadaye makaburi mengine yakafukuliwa. Waliokufa kwa jumla walipita 700. Na karibu yetu zaidi, katika pwani hii hii ya Waswahili, kwenye msitu wa Shakahola nyuma ya Malindi, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, na wengi wao walikuwa watoto. Watu walikuwa wamehamia msituni wakiamini ya kwamba kujinyima chakula mpaka kufa ndiyo njia ya kumfikia Bwana kabla dunia haijaisha.

Msomaji, angalia mambo hayo mawili yalivyoanza. Hayakuanza kwa moto, wala hayakuanza kwa njaa. Yalianza kwa neno dogo: acha kazi. Uza shamba. Watoe watoto shuleni. Usipande mwaka huu. Mtu aliyekwisha uza jembe lake na spana yake hana pa kurudi akiona ya kuwa amedanganywa. Ni lazima aendelee kuamini, maana hana kingine. Kwa hiyo chukua alama hii na uwafundishe watoto wako: anayekuja na habari za mwisho, naye neno lake la kwanza ni kukutoa kifaa mkononi, huyo mwogope.

Wala si jambo jipya katika Kanisa. Wakristo wa Thesalonike walikuwa na watu walioacha kazi zao wakaenda huku na huku wakila kwa jasho la wenzao. Mtume Paulo aliwaandikia kwa ukali warudi kazini na kula chakula chao wenyewe. Naye alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa fundi; huko Korintho alishona hema pamoja na Akila na Prisila. Na Bwana mwenyewe alikwisha fundisha ya kwamba siku ile na saa ile hapana ajuaye. Anayetaja tarehe amejitia kujua zaidi ya Bwana wake.

ONYO SI UNABII

Hapa pana hatari ya kukosea upande wa pili, nayo ni kubwa kwetu watu wa pwani. Mtu aliyedanganywa mara kumi huanza kudharau kila onyo. Yafaa tutofautishe.

Mwezi Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza ya kwamba kimbunga kiitwacho Kenneth chaja upande wa Mtwara. Watu waliambiwa waondoke mabondeni na karibu na bahari, na wavuvi wasitoke. Tarehe 25 kimbunga kikageukia kusini kidogo, kikapiga Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma, kikabomoa maelfu ya nyumba na kuua watu zaidi ya 40. Huku kwetu hakikufanya madhara makubwa, na siku ya pili wako waliosema, "Si mnaona? Uongo mtupu." Ndugu, haukuwa uongo. Palikuwa na umbali mdogo tu kati yetu na msiba wa jirani zetu. Tena wazee wajua ya kwamba Aprili 1952 kimbunga kilipiga pwani ya Lindi na kuua watu. Vivyo hivyo mwezi Oktoba 2020, watu wenye silaha walipovuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, walioishi kando ya Ruvuma walijifunza ya kwamba kuna hofu zisizo za kubuni.

Tofauti ni hii. Mtoa onyo wa kweli hukueleza amejuaje, hukuambia la kufanya, wala haombi mali yako. Na jambo likipita anakutaka urudi kazini kwako. Nabii wa uongo haelezi amejuaje, hukuambia uache yote, na mali yako hupita mikononi mwake. Likija onyo la kimbunga, funga kibanda, panda juu penye mwinuko pamoja na watoto na vifaa vyako. Kimbunga kikipita, fungua kibanda.

FUNDI AFANYE NINI?

Kwanza, usiuze vifaa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Pampu, spana, koleo na kile chuma kidogo cha kukazia spoku vimechukua miaka kukusanywa, na ukiviuza kwa shida ya mwezi mmoja utavinunua kwa bei mara tatu.

Pili, panua kazi yako. Unabii wa biashara waweza kuwa na ukweli ndani yake, nao husikilizwa bila kuabudiwa. Fundi ajuaye gololi, ekseli na spoku amekwisha jua nusu ya kutengeneza guta, mkokoteni na viti vya magurudumu vya walemavu, ambavyo mara nyingi hulala nyumbani kwa kukosa mtu wa kuvitazama. Jifunze na pikipiki kwa mwenzako. Baiskeli na pikipiki za betri nazo zaingia katika nchi zetu. Zikifika kwako, zikukute unajua kutumia kipima umeme.

Tatu, shika daftari. Andika kila jioni kilichoingia, kilichotoka, na nani anadaiwa. Pesa ya Oktoba hata Desemba ni nyingi, ya masika ni haba. Mwenye kuweka akiba ya msimu hawezi kudanganyika ya kwamba biashara imekufa kila ifikapo Machi, maana daftari la mwaka jana litamwonyesha ya kwamba Machi ilikuwa hivyo hivyo.

Nne, usitie kipuri kibovu kwa siri. Wako mafundi wanaotia gololi za zamani na kutoza bei ya mpya. Hao hawauliwi na pikipiki. Wanajiua wenyewe, nao huwaharibia wenzao jina.

Tano, wewe mzazi: ukimpeleka kijana kwa fundi, patana mbele ya shahidi na kuandika. Atajifunza muda gani? Atakula wapi? Ataanza lini kupata chochote? Vijana wengi huacha kazi mwezi wa sita kwa sababu ya kufagia na kutumwa tu, si kwa sababu kazi ni mbaya. Na kama mwenye kupenda kazi hiyo ni binti, mpeleke. Spoku haijui mkono wa nani unaikaza.

Nasi wateja tuna deni letu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Tunamwita fundi mtu wa kazi iliyokufa, halafu saa kumi na mbili jioni, tairi limepasuka na giza laingia katika njia ya Mikindani, tunamgongea mlango. Mlipe siku ile ile. Nawe tia taa, au hata kipande cha kuakisi mwanga nyuma ya keria yako, maana madereva wa magari makubwa hawakuoni usiku, na huo ni mwisho usiohitaji nabii.

Siku ya mwisho ipo, nasi twaisadiki. Ila haikukabidhiwa kwetu kuipangia tarehe. Tulichokabidhiwa ni siku ya leo, na baiskeli ya mchuuzi inayongoja hapo nje na tenga la samaki juu yake. Fundi mpenzi, itengeneze vema, utafute na mwiba. Siku ile ikija, ikukute na spana mkononi.